Bunduki ipo, risasi haipo: habari za Mark 4 na masalio ya jeshi yaliyokwisha

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini Kakamega nimekaa miaka mingi kiasi cha kuitwa shemeji sokoni. Huku bara, kama huko kwetu, habari ya polisi kunasa bunduki kuukuu aina ya Mark 4 si ngeni. Watu huisikia redioni, na swali linalofuata huwa moja: ilikuwa na risasi ngapi? Ikisemwa haikuwa na hata moja, wote hucheka. Jambazi gani huyu, atembea na fimbo ya chuma?

Swali hilo la mzaha lina uzito kuliko tunavyodhani. Ndugu zetu wa Tana River na Lamu ambao vijiji vyao hulindwa na polisi wa akiba wanajua kwamba bunduki begani mwa mtu si ulinzi mpaka ujue ndani mna nini. Kwa hivyo nimeona niandike kwa kirefu kidogo: Mark 4 ni bunduki gani, risasi zake zilitoka wapi, kwa nini zimeadimika, na ufanye nini ukizikuta kwenye kasha la babu.

Bunduki yenyewe

Jina lake kamili ni Lee-Enfield Namba 4. Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi mwaka 1941, katikati ya vita vya pili vya dunia. Iliifuata nyingine ya mwaka 1907, yenye mdomo butu, iliyopigana vita vya kwanza. Zote mbili zala risasi moja, ile iitwayo .303, kwa sababu upana wa tundu la mtutu ni sehemu 303 za elfu moja za inchi, yaani milimita 7.7. Magazini yake hubeba risasi kumi. Kila ukipiga moja yakubidi uvute kile chuma cha kando nyuma na mbele ndipo ya pili iingie. Askari aliyefundishwa vyema aweza kupiga zaidi ya kumi na tano kwa dakika, na shabaha yake ni nzuri hata kwa umbali wa mita mia tatu, nne.

Kwa wasiojua, jambo la kushika ni hili. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako cha ganda, kama kofia ya uyoga. Risasi za bunduki mpya hazina ukingo huo. Risasi ya G3, ambayo polisi wetu wameitumia kwa miaka mingi, ni milimita 7.62 kwa 51. Ya AK-47 ni 7.62 kwa 39. Watu husikia 7.62 mara mbili wakadhani ni mtu na nduguye, kumbe hata hizo mbili haziingiliani, na hakuna hata moja iwezayo kutumika ndani ya Mark 4. Bunduki hii ina chakula chake, na chakula hicho kikikosekana hakuna mbadala.

Gobore la mababu zetu halikuwa hivyo. Gobore hulishwa kwa mdomo: unamimina baruti, unashindilia tambara, unatia goroli au hata misumari iliyokatwa. Baruti ya kienyeji hutosha. Ndiyo maana gobore laweza kuishi kijijini miaka mia bila kutegemea kiwanda chochote. Bunduki ya ganda imefungwa kamba na kiwanda kilichotengeneza ganda lake, na kamba ikikatika, basi.

Masalio ni nini, na hukwishaje

Tunaposema masalio ya jeshi twamaanisha risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya vita, vita vikaisha kabla hazijapigwa. Uingereza na makoloni yake yalitengeneza .303 kwa mabilioni katika vita viwili vikuu. Viwanda vilikuwa Uingereza, Kanada, Australia, India, Afrika Kusini. Mwaka 1954 nchi za NATO zilikubaliana juu ya risasi mpya ya 7.62 kwa 51, na kuanzia 1957 askari wa Kiingereza wakaanza kupewa bunduki mpya ya kuitumia. Siku ile .303 ikageuka mali kuukuu. Shehena zikapelekwa makoloni, zikauzwa kwa serikali changa, nyingine zikaenda kwa wafanyabiashara. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilirithi bunduki hizi pamoja na akiba yake: jeshini, kwa polisi, kwa polisi wa utawala, kwa askari wa wanyamapori.

Masalio hayafanani na mto, yafanana na tangi la maji ya mvua ambalo mvua yake haitanyesha tena. Kila risasi inayopigwa kwenye mafunzo, kila kasha linalooza ghalani, kila tani inayochomwa, yatoka kwenye tangi hilo hilo. Viwanda vya Uingereza viliacha. Ugiriki iliendelea kutengeneza mpaka miaka ya 1980. Pakistan ilianza na bunduki na risasi hizi hizi pale Wah mwaka 1951, na ni kati ya waliodumu nazo sana. Kisha wakaja wanunuzi wa Marekani, watu wa kukusanya na kulenga shabaha, wakanunua masalio ya dunia kwa makontena kwa bei ya karanga. Kilichobaki leo madukani ni risasi mpya za kiraia, kama zile za Serbia, na bei yake si ya karanga tena.

Hata wakubwa wamesalimu amri. Polisi wa jimbo la Uttar Pradesh kule India, jeshi la polisi kubwa kuliko mengi duniani, waliiaga .303 Januari 2020 baada ya gwaride la sikukuu ya jamhuri. Askari wa doria wa kaskazini ya Kanada, wakaao na dubu weupe kwenye barafu, walibaki na Namba 4 hadi miaka ya mwisho ya 2010, na sababu kubwa ya kuiacha ilikuwa vipuri kuadimika. Bunduki haikuwa imewashinda kwa ubaridi wala kwa nguvu.

Tena kuna sheria. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kenya na jirani zake walitia saini, yaelekeza kwamba silaha za serikali zilizozidi mahitaji na zile zilizonaswa ziharibiwe, zisirudi sokoni. Twaona moshi wake: Novemba 2016 zilichomwa bunduki 5,250 kule Ngong. Mimi naiunga mkono itifaki hiyo, lakini tusijidanganye kuhusu matokeo yake. Zamani masalio ya nchi moja yalikuwa akiba ya nchi ya pili. Sasa njia hiyo yazidi kuwa nyembamba.

Wanga, Zanzibar na sheria ya 1890

Wakati mwingine watu wa Pwani wakizungumza habari za silaha hudhani ni mambo ya mipakani, ya Wasomali na Waturkana. Naomba nitoke nje ya mada kidogo, maana huku Kakamega kuna ushahidi kwamba sisi wenyewe tulikuwa njia ya silaha hizo.

Kilomita thelathini na kitu kutoka mjini Kakamega iko Mumias, iliyokuwa makao ya wafalme wa Wanga. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani, Mombasa na kwingineko ilifika hapo kutafuta pembe za ndovu. Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, mahali paliitwa Kwa Sundu, kwa jina la babake Nabongo Mumia, na Thomson alikuwa amesaidiwa njiani na mfanyabiashara wa Pangani, Jumba Kimameta. Uislamu uliingia Wanga kwa njia ya misafara hiyo, na mpaka leo ukienda Mumias utasikia adhana na utaamkiwa kwa Kiswahili kisichokufanya ujihisi mgeni. Pamoja na nguo na shanga, misafara ilileta bunduki.

Bunduki hizo zilitoka wapi? Ni masalio. Kila jeshi la Ulaya lilipobadilisha silaha, zile za zamani zilipakiwa melini zikateremshwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, aliikadiria biashara hiyo kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa magobore, lakini miongoni mwake zilianza kuonekana za ganda: Snider, Martini-Henry na nyinginezo.

Hapo wakubwa wakashtuka. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mtutu wa mifuo pamoja na risasi zake. Gobore na baruti ya kawaida viliruhusiwa kwa masharti, vikawekwa kwenye maghala ya serikali na kutolewa kwa kibali. Tazama ujanja wake. Hawakuhitaji kwenda kijiji kwa kijiji kupokonya bunduki za ganda. Kufunga bandari kulitosha, maana mwenye Snider aliyekwishiwa na maganda alibaki na rungu la bei ghali.

Matokeo yake yalionekana karibu na hapa. Babukusu, jirani za Wanga, walikuwa wamepata bunduki, nyingine kutoka kwa askari watoro. Mwaka 1894 ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Mumias alituma kikosi kwenda kuzidai, na kikosi hicho kikauawa. Mwaka uliofuata ilikuja adhabu: askari wa Kisudani, wasaidizi wa Kiganda na Kiwanga, na Babukusu wakapigwa kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe. Bunduki walikuwa nazo, lakini nyuma ya adui kulikuwa na reli ya meli na misafara ya kuleta risasi zaidi, na nyuma yao hakukuwa na kitu.

Manza, Aprili 1915

Mfano ulio wazi kuliko wote uko kwenye bahari yetu wenyewe, kaskazini ya Tanga.

Vita vya kwanza vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani wa Afrika Mashariki walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ambayo Ujerumani kwenyewe ilikuwa masalio. Ilitumia baruti nyeusi, na kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Baada ya pigano la Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota silaha zilizoachwa na jeshi lililokimbia, pamoja na risasi kama 600,000. Aprili 1915 ikaja meli Rubens kutoka Ulaya, ikijifanya ya Denmaki kwa jina la Kronborg, imejaa bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza iliikuta ghuba ya Manza ikaipiga, ikazama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi walitoa shehena kidogo kidogo. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ikaushwe, zifungwe tena. Hata hivyo nyingi zilikataa kuwaka.

Jenerali Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, Novemba 1918, askari wake walikabidhi bunduki 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Wafikiri walizipenda kuliko zao? Walizibeba kwa kuwa adui ndiye aliyekuwa na risasi, na ukila kwa mwenzio hula alichopika. Upande wa pili, makasha ya .303 yalifika vitani juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi wao walitolewa Kavirondo, nchi hii niliyokaa. Waliokufa hawahesabiki vizuri mpaka leo. Majina ya mitaa ya Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam ndiyo kumbukumbu yao.

Tsavo ilipobaki na .303

Tuje miaka ya karibu. Aprili 1989 Rais Moi alimteua Richard Leakey kusimamia idara ya wanyamapori. Ndovu walikuwa wakimalizwa. Miongoni mwa mambo aliyoyakuta ni kwamba askari wa mbuga walikabiliana na majangili wenye AK-47 huku wao wakiwa na .303 za enzi ya ukoloni.  Majangili walikuja kwa kundi, kila mmoja na magazini ya risasi thelathini. Askari akipiga moja, avute chuma, apige ya pili, na akilini anahesabu zilizobaki.

Agosti mwaka ule ule George Adamson, mzee wa simba, aliuawa Kora, ndani ya Tana River. Ndipo fedha zikapatikana, askari wakapewa silaha mpya, na mwaka 1990 shirika la KWS likaanza kazi. Wengi wakumbuka zile tani 12 za pembe zilizochomwa Julai 1989, kwa sababu zilipigwa picha. Mabadiliko ya bunduki na ugavi wa risasi hayakupigwa picha sana, lakini kwa maoni yangu ndiyo yaliyomrudisha askari porini kwa moyo.

Jirani yangu mmoja huku, mzee aliyewahi kulinda ghala la serikali miaka ya sabini, aliniambia kwamba kila jioni alikabidhiwa bunduki na risasi tano, na kila asubuhi alizirudisha tano zile zile. Aliandika namba zake daftarini. Miaka minane hakupiga hata moja, na hakujua kama zingewaka. "Mwizi naye hakujua," akasema, "ndiyo iliyokuwa kinga yangu." Nilicheka, lakini kinga hiyo hudumu mpaka siku mwizi atakapojua.

Polisi wa akiba wa leo

Kenya ina kiwanda cha risasi, kile cha Eldoret, chini ya shirika lililoundwa mwaka 1997. Kilijengwa kwa msaada wa kampuni ya Kibelgiji. Risasi zinazojulikana kutoka huko ni za 7.62 kwa 51, 5.56 kwa 45 na zile za bastola za milimita 9. Kwa lugha nyepesi: G3 ina mama Eldoret, Mark 4 ni yatima. Tanzania nayo ina Mzinga pale Morogoro, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, na kwa hivyo chakula chake kiliandaliwa kwa bunduki za namna nyingine.

Sasa polisi wa akiba. Hawa ni wanakijiji, hawalipwi mshahara wa polisi wa kawaida, na sheria ya polisi ya mwaka 2011 inawatambua. Kwa miaka mingi walipewa silaha zilizoachwa na vikosi vingine, Mark 4 zikiwamo. Mantiki ya serikali naielewa. Bunduki ambayo risasi zake hazipatikani sokoni haina faida kwa mwizi wa mifugo akiinyang'anya. Akiiba AK, risasi zake zamiminika kutoka Somalia, Sudan Kusini na kwingineko. Akiiba Mark 4, siku risasi kumi zikiisha, shughuli imekwisha.

Kwamba hofu hiyo si ya bure, tulielezwa mwaka 2008. Watafiti wa Small Arms Survey ya Geneva walikusanya risasi za raia wa kaskazini ya Turkana, wakasoma mihuri iliyopigwa kwenye vitako vya maganda, wakalinganisha na risasi za vyombo vya usalama. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka kiharamu huko zilitoka kwa polisi wa Kenya. Zilizokusudiwa polisi wa akiba wajilinde ziligeuka bidhaa.

Kwa hiyo uhaba una faida yake, sitakataa. Lakini mzigo wake waangukia nani? Jangili na mwizi wa mifugo hawatumii .303, wametafuta kilicho na soko. Anayebaki na bunduki yatima ni mtu aliyeandikishwa, mwenye namba, mwenye mke na watoto kijijini, ambaye adui akija usiku ndiye wa kwanza kutafutwa. Vijiji vya Tana Delta vilizika watu zaidi ya mia moja mwaka 2012. Pandanguo, Lamu, ilivamiwa Julai 2017 na watu waliokuwa na silaha za kutosha kuitoa polisi kituoni. Ukimweka mwanakijiji mbele ya watu kama hao na bunduki ya 1941 na risasi za umri wa babake, umempa alama ya kulengwa. Hujampa ulinzi.

Msimamo wangu ni kwamba Mark 4 ziondolewe zote mikononi mwa polisi wa akiba, zibaki za gwaride na makumbusho. Atakayepewa bunduki apewe ambayo Eldoret yaweza kuilisha, afunzwe kwa risasi halisi kila mwaka, na kila risasi ihesabiwe kwa muhuri wake, irudishwe ganda tupu ndipo apewe nyingine. Wako watakaosema ni gharama. Ni gharama, lakini hata mazishi yana bajeti yake.

Wenye leseni za kiraia sitawazungumzia sana. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na tangu hapo bunduki nyingi za .303 za wawindaji na walowezi zilibaki makabatini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huandika kwenye cheti idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Mwenye cheti cha .303 leo ana ruhusa ya kununua kitu ambacho ni nadra kukikuta dukani.

Ukizikuta kasha la babu

Hapa nataka usome taratibu, maana majumba yetu ya zamani, Pwani na hata Kakamega, yana makasha ambayo hayajafunguliwa tangu mwenyewe alipofariki. Babu alikuwa askari wa KAR, alikwenda Burma, akarudi na vitu. Au alikuwa mlinzi wa shamba la mzungu.

Risasi ya zamani haifi, huzeeka. Ndani ya .303 nyingi za Kiingereza mna baruti ya nyuzi kama tambi nyembamba, iitwayo kodaiti. Joto la miaka huiharibu, na dari ya mabati ya Malindi ni tanuri. Shaba ya ganda nayo hupasuka shingoni kwa unyevu. Risasi ya namna hiyo yaweza kukataa kabisa, au yaweza kuchelewa: mtu avuta kifyatuo, asikia mlio mdogo tu, adhani imekufa, afungua bunduki kutazama, na hapo ndipo huwaka. Risasi za masalio zilizowekwa vibaya zina sifa mbaya kwa jambo hili. Ndiyo maana wakufunzi hufundisha kwamba ikikataa, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea pasipo mtu kwa nusu dakika nzima kabla ya kugusa chochote.

Fataki za zamani, zile za kitako cha ganda, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hunyonya maji hewani, na kufikia asubuhi mtutu umeshika kutu. Wazee wa KAR walijua: baada ya kupiga, walimimina maji ya moto mtutuni kabla ya mafuta. Kakamega hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Pwani tuna upepo wa bahari, kwa hiyo bunduki nyingi kuukuu utakazoziona mitutu yake imeliwa ndani kama jino bovu. Hata risasi mpya ikipatikana, bunduki hiyo si ya kupigwa.

Na usidhani risasi bila bunduki si kosa. Kwa sheria yetu, risasi peke yake yahitaji cheti kama bunduki ilivyo. Dedan Kimathi alipofikishwa mahakamani Nyeri mwaka 1956, mashtaka yalikuwa mawili: bastola, na risasi sita. Sheria ya dharura imepita, lakini ile tabia ya kuhesabu risasi kama kosa linalojitegemea imebaki.

Basi ukizikuta, usizigonge, usizifungue kutazama baruti, usimpe fundi wa chuma wala mnunuzi wa vyuma chakavu hata akikusifia shaba yake. Usizitie motoni ukidhani utazimaliza. Watoto watolewe chumba hicho, kasha lifungwe lilivyo, libaki mbali na jiko. Mwite mzee wa mtaa au chifu awe shahidi, kisha kituo cha polisi kiarifiwe waje wenyewe kuchukua. Usizibebe mfukoni kwenye matatu, kwa sababu kizuizini njiani hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa safarini kuzisalimisha. Mara kwa mara serikali hutangaza muda wa msamaha, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote, lakini usiungoje kama kasha limo ndani ya nyumba yenye watoto. Askari wakifika, waandikishe idadi kwenye kitabu cha matukio, na uombe namba ya maandishi hayo uihifadhi pamoja na karatasi za marehemu.